Kuku Mia Mbili na Daftari Moja

Mada iliyotolewa katika mkutano wa kamati za maendeleo za parokia



Tumeombwa tueleze kwa nini banda la kuku wa mayai la kikundi chetu, karibu na Kakola, lilikaa tupu miezi saba, wakati taarifa zetu za kila robo mwaka zilisema mradi unaleta faida. Tuseme ukweli mapema: faida ile haikuwepo. Tulikuwa tunakula kuku wa kesho.

Soko halikuwa tatizo. Tangu migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu ilipoanza uzalishaji, mwaka 2000 na 2001, huku wachimbaji wadogo wakiendelea kumiminika kwenye maduara, miji kama Kahama, Katoro na Kakola haishibi mayai. Kijana anayetembeza mayai ya kuchemsha na kachumbari, na mama anayekaanga chipsi mayai, wote wanatafuta trei tangu alfajiri. Kosa lilikuwa kwenye daftari.

Sisi wa Usukumani tumezoea kwamba mifugo ni akiba. Ng'ombe anakula majani mbugani, anazaa, na ukipata shida unamuuza. Kuku wa mayai si hivyo. Anakula fedha taslimu kila asubuhi, na anachakaa.

Hesabu tunaifanya kwa trei, maana bei za shilingi hubadilika. Kuku 200, kila mmoja akila gramu 120 kwa siku, wanamaliza kilo 24. Kwa hiyo mfuko wa kilo 50 ni wa siku mbili hivi. Wakitaga asilimia 80, siku mbili hizo zinaleta mayai 320, yaani trei 10 na mayai 20. Tuchukulie mfuko unauzwa kwa bei ya trei 7. Zinabaki trei 3 na mayai 20. Mweka hazina wetu aliandika "faida", na sisi wa ofisini tukapiga muhuri.

Hatukuuliza kuku hao walifikaje kwenye kutaga. Kifaranga wa siku moja hulishwa wiki kama 18 kabla ya yai la kwanza, na kwa muda huo anakula karibu kilo 7. Kwa kuku 200 ni kilo 1,400, yaani mifuko 28, sawa na trei 196, bila kuhesabu vifaranga wenyewe, chanjo za kideri na gumboro, mkaa wa kuwapa joto na wanaokufa. Kundi likitaga hadi wiki ya 78 litakula mifuko kama 200. Maana yake, kwa kila mfuko unaolika, karibu trei moja ni ya kulea kundi lijalo. Sisi tulizigawana Krismasi.

Na trei hiyo haiwezi kusubiri mwisho. Utagaji ukishuka hadi asilimia 55, mfuko uleule unaleta trei 7 na mayai 10, na mayai 10 hayalipi hata maranda. Kwa hiyo wakati kuku wanataga vizuri inabidi ziwekwe trei mbili. Kikundi chetu kiliendelea kulisha kuku wazee miezi mitatu zaidi kwa sababu ya huruma, na kwa sababu hapakuwa na fedha ya kununua wengine.

Kulikuwa na mashimo mengine. Mayai tuliyatoa kwa mali kauli. Wauzaji wetu si wezi. Duara likikosa dhahabu mchimbaji halipi, na muuza mayai naye hana cha kuleta. Sasa tunasema: leta fedha ya trei ya jana, chukua ya leo. Wawili wamehamia kwa wafugaji wengine, na hatuwalaumu.

Kisha mahindi yalipopanda bei kabla ya mavuno, tulijaribu kubana matumizi kwa kuzidisha mashudu ya pamba, ambayo huku kwetu hayana shida kupatikana. Viini vya mayai vikageuka rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia. Mama mmoja wa chipsi alirudisha trei zote. Tangu hapo ni mashudu ya alizeti na dagaa, na mahindi tunanunua wakati wa mavuno.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wenyewe. Kila tulipotembelea mradi kutoka ofisini tulifungashiwa trei ya mayai, tukashukuru. Tulipopitia daftari upya tulikuta trei 11 kwa mwaka zimeandikwa "wageni". Mtutazame vizuri, ndio hao wageni.

Ndugu wafadhili, mmetuuliza kama mtupatie vifaranga tena. Tunaomba msitupe. Kundi la sasa, kuku 120 tu, limenunuliwa kwa mkopo wa VICOBA ya akina mama wenyewe, na akaunti ya kundi lijalo ina watia saini watatu, mmoja wao akiwa nje ya kikundi. Kama mnataka kusaidia, tulipieni mtu wa kukagua madaftari ya vikundi vyote kila miezi mitatu, asiyepewa mayai.

Daftari letu lipo hapa mezani. Mjumbe anayetaka kulipitia akaribie kabla ya chakula. Ukurasa wa madeni umekunjwa pembeni.