Laini ya Simu Ukivuka Vurra au Oraba

Msikilizaji, ukitoka Ariwara nchini Kongo ukaingia Arua kupitia Vurra, au ukitoka Sudan Kusini kwa njia ya Oraba hadi Koboko, nunua laini ya Uganda kwenye duka la kampuni au kwa wakala anayetambulika. Mgeni husajiliwa kwa pasipoti. Mkimbizi kwa kitambulisho cha ukimbizi kinachotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Namba yako itaanza na 256.

Usikubali laini iliyokwisha kusajiliwa, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Mwenye jina ni mwingine: akiifunga, pesa zako za simu zinakwama humo, na laini ikitumika kwa utapeli wewe ndiye utakayehojiwa. Wauzaji hao wana maneno matamu, nawajua. Namba ya siri ya pesa za simu chagua mwenyewe, wakala asiione.

Salio unaweza kuwekewa moja kwa moja kwenye simu.

Karibu na mpaka simu hudaka mtandao wa jirani na kukukata pesa nyingi. Ingia kwenye mipangilio, chagua mtandao wako mwenyewe.