Taarifa ya Rufaa Haimzuii Dalali



Hapa Kizimbani, ambapo Saleh bin Haramil alipanda mikarafuu kabla ya Seyyid Said kumnyang'anya mashamba mnamo 1828, hatuhitaji kufundishwa maana ya kupoteza shamba. Yeye hakuwa na mahakama ya kukimbilia. Sisi tunayo, ila wengi wetu huifikia tumekwisha kuchelewa.

Aliyeshindwa Mahakama Kuu hudhani kwamba akishawasilisha taarifa ya rufaa ndani ya siku 30, dalali wa mahakama hatakuja. Sivyo. Zuio la utekelezaji wa hukumu huombwa mbali, katika Mahakama ya Rufani, ndani ya siku 14 tangu kupokea notisi ya utekelezaji au kupata habari zake. Mwombaji aonyeshe hasara kubwa itakayompata, na atoe dhamana. Mahakama imewahi kukubali hata ahadi thabiti ya kuitoa. Mkarafuu uliokatwa, ndugu zetu, haurudishwi na ushindi wa rufaa.

Zamani rufaa nyingi za madai zilihitaji ruhusa ya mahakama, na watu wakakaa kuingoja. Kumbe Kanuni za mwaka 2009 zilitaka taarifa itangulie, ruhusa ifuate, na zuio liliegemea taarifa. Mwaka 2023 sheria iliondoa sharti la ruhusa katika mashauri mengi ya madai. Siku 14 hazikuguswa.

Basi mwenye notisi chini ya godoro asingoje Jumapili. Aipeleke kesho kwa wakili, pamoja na nakala ya hukumu.