Neema wa Kihesa, Fatuma wa Pwani: Asili ya Majina ya Kike ya Kiarabu



Mwalimu anayeita rejista katika shule za Kihesa, Iringa, hafiki mbali kabla hajamwita Neema, Rehema, Zawadi, Faraja au Imani. Wengi wa mabinti hao Jumapili wako kanisani, na nyumbani bibi zao wanazungumza Kihehe. Hata hivyo, majina yote matano yana mizizi ya Kiarabu. Yalipandaje hadi nyanda za juu?

Yalipita njia mbili. Ya kwanza ni Uislamu. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika Uhehe na Usangu, kabla Wajerumani hawajaivunja ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga mwaka 1894. Dini ilipoingia, yaliingia nayo majina ya wanawake wa karibu na Mtume Muhammad: Amina mama yake, Halima aliyemnyonyesha, Khadija mke wake wa kwanza, Aisha mke wake wa baadaye, na Fatuma binti yake. Amina ni mwenye amani, Halima ni mpole, Aisha ni aliye hai. Fatuma linatokana na mzizi wa kumwachisha mtoto ziwa, na Khadija na ule wa kuzaliwa kabla ya miezi kutimia. Ni wazi kwamba mzazi anayemwita bintiye Khadija hafikirii mtoto njiti. Anamkumbuka mwanamke mwenyewe, tajiri wa Makka aliyekuwa na misafara yake ya biashara.

Njia ya pili ni Kiswahili chenyewe. Neema, rehema na imani yalikuwa maneno ya kawaida ya pwani kabla wamisionari hawajayatia katika Biblia na vitabu vya nyimbo. Kanisa lilipohubiri kwa Kiswahili, Mlutheri na Mkatoliki wa Iringa walimbatiza binti Neema bila kuazima chochote kwa Mwarabu. Zawadi nalo limesafiri: mzizi wake ni masurufu ya safarini, likawa kitu anachorudi nacho msafiri, kisha mtoto aliyetunukiwa wazazi.

Njiani majina yalibadilika sauti na hata jinsia. Kiswahili hakipendi konsonanti zibanane wala neno kuishia kwa konsonanti, kwa hiyo Rahma akawa Rehema na Zaynab akawa Zainabu; Aisha naye alifupishwa akawa Asha. Kwa Kiarabu, irabu ya mwisho mara nyingi humtenga mke na mume: Said na Saida, Latif na Latifa, Jamil na Jamila. Huku kwetu kanuni hiyo imelegea. Baraka, lenye mwisho wa kike huko kwao, Tanzania ni mwanamume, na Imani anaweza kuwa kaka au dada.

Jina liliweza pia kumpandisha mtu hadhi. Mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880 aliitwa Mtumwa. Alipopata sifa mjini akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Ni kwa jina hilo, Siti binti Saad, alirekodi santuri Bombay mwaka 1928, na ni kwa jina hilo Shaaban Robert aliandika wasifu wake.

Si kila jina lenye harufu ya Uarabuni limezaliwa huko. Yasmini ni la Kiajemi, na Mariamu lilikuwapo kwa Waebrania kabla ya kuingia katika Kurani. Wala jina si kadi ya dini. Asha-Rose Migiro, aliyezaliwa Songea mwaka 1956 na kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012, anabeba Asha na Rose kwa pamoja, na hakuna linalolisukuma jingine.

Khadija na Hadija, Fatma na Fatuma, yote ni majina halali. Tatizo huanza pale cheti cha kuzaliwa kinaposema Khadija na cha kidato cha nne kikasema Hadija, binti akalazimika kutafuta hati ya kiapo ili athibitishe kuwa ni mtu mmoja. Mzazi wa Kihesa anayemwandikisha mtoto achague tahajia moja siku hiyo, aiandike kwenye kadi ya kliniki, na aisimamie hadi chuo kikuu.