Kuhusudu: Baina ya Wivu na Mvuto

Msomaji asemapo kwamba anamhusudu mshairi fulani, hamtakii shari. Akusudia kuwa anavutiwa mno na kipaji chake. Hata hivyo, asili ya kitenzi hicho ni neno la Kiarabu hasad, yaani kutamani neema ya mwenzio imtoke. Kiarabu kina neno jingine, ghibta: kutamani mfano wa neema hiyo bila kumtakia mwenyewe aipoteze. Katika Kiswahili, kitenzi kuhusudu kimebeba maana zote mbili, ilhali husuda na hasidi yamebaki upande wa uovu.

Mpaka huo si wa kamusi tu. Pwani, amsifuye mtoto mzuri hutanguliza Mashaallah, ili sifa yake isidhaniwe kuwa kijicho. Na neno kijicho lenyewe limetokana na jicho.

Kustaajabu, lenye asili ya Kiarabu pia, halina hatari hiyo, lakini hata ubaya hustaajabiwa: ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Kwa hiyo, mfasiri atafutaye neno la kumweleza mtu avutiwaye na ubora wa mwenzake hana budi kuipima nia ya msemaji, kwani mzizi wa neno pekee hautoshi.