Shimo Tuliloliacha Njiani

Asubuhi hii tunataka kuzungumza nanyi juu ya barabara.

Sisi tunaokaa Ijara hatuhitaji kuelezwa barabara mbaya ni kitu gani. Mvua ikinyesha, udongo mweusi hunata kama ulimbo, na lori lililobeba unga na sukari hulala njiani siku tatu, siku nne, hata juma zima. Hulugho hukatika, Sangailu hukatika, na bei dukani hupanda. Wazee wanaikumbuka El Nino ya 1997. Vijana nao wameiona ya 2023, wakati maji ya Mto Tana yalipofunika barabara kati ya Madogo na Garissa. Mwezi wa Aprili 2024 maji yalirudi pale pale. Watu wakawa wanavuka kwa mashua, na mashua moja ikapinduka, roho za watu zikapotea.

Msidhani taabu hii ni yetu peke yetu. Katika nchi za baridi njia hufungwa na theluji. Ile tunayoisikia kuwa iko juu ya Mlima Kenya, wao huwaangukia mlangoni. Januari 1979 mji wa Chicago, Marekani, uliangukiwa na theluji ya kimo cha nusu mita hivi kwa muda wa siku mbili tu. Kazi ya kuiondoa ikaushinda mji. Mitaa ikazibika, na watu wakakasirika sana. Mwezi wa Februari, katika kura ya mchujo ya chama, wakamwangusha meya wao, Michael Bilandic, wakamchagua mama mmoja, Jane Byrne. Basi si dhambi raia kudai njia. Kodi tunalipa, na mwenye dhamana ya barabara imempasa kuulizwa.

Lakini watu wa nchi za theluji wana kero nyingine tena. Mtu huamka alfajiri, akafukua mlangoni pake kwa sepetu, na ile theluji akaisukumia upande wa jirani. Jirani naye akiamka hukuta rundo ambalo halikuletwa na mbingu. Hapo ugomvi huanza.

Tuliposikia habari hiyo, mioyo yetu ilituchoma, maana sisi nasi tumelitenda jambo hilo, hapa hapa kwetu.

Msimu mmoja wa mvua tulikuwa tukitoka Masalani kwenda Ijara kuongoza ibada. Waliotungoja walikuwa walimu wachache, wauguzi, na askari walio mbali na nyumbani. Njiani gari letu likazama. Tulikata matawi, tukachimba, tukasukuma, magurudumu yakazunguka na kuchimba zaidi, na baada ya saa nzima tukatoka. Tulikuwa tumechelewa. Tulimshukuru Mungu kwa sauti kuu, tukaondoka mbio.

Jioni tuliporudi tuliwakuta wachungaji wa ng'ombe mahali pale pale, wamechafuka tope mpaka kiunoni. Lile shimo letu walikuwa wamelijaza matawi na udongo mkavu. Wakatuambia kwamba nyuma yetu lilikuja gari lililombeba mama mwenye uchungu wa kuzaa, likikimbilia hospitali ya Masalani, likatumbukia ndani ya shimo hilo. Mama yule alikaa pale mpaka alasiri. Mungu alirehemu; baadaye tulipata habari kwamba yeye na mtoto wake wako hai. Lakini mzee mmoja kati ya wale wachungaji, Mwislamu, alitutazama, akasema kwa upole, "Nyinyi mlitoka. Lakini shimo mliliacha."

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumehubiri juu ya upendo siku ile.

Ndugu zetu, someni Injili ya Luka, mlango wa 3. Yohana Mbatizaji anaelezwa kwa maneno ya nabii Isaya, anawaita watu waitengeneze njia ya Bwana, mabonde yajazwe na palipopotoka panyoshwe. Makutano wakamwuliza, basi, wafanye nini? Yohana hakuwatuma kwenda jangwani na majembe. Aliwaambia kwamba mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Watoza ushuru aliwakataza kutoza kupita kiasi, na askari aliwakataza kuwaonea watu. Hivyo ndivyo mabonde yanavyojazwa: kila mtu analijaza lile lililo mbele ya miguu yake, au lile alilolichimba mwenyewe.

Je, ni mashimo mangapi tumeyaacha nyuma yetu? Tuligombana kanisani juu ya fedha za ujenzi; sisi wazee tulipatana, tukasahau, lakini kijana mmoja alikwazwa na maneno yetu, na mpaka leo haji. Tulikopa kwa jirani, tukajikwamua, na yeye sasa hana karo ya mtoto. Tulisema neno kali nyumbani, hasira yetu ikaisha, lakini mke au mtoto bado amekwama ndani ya neno lile. Sisi tumetoka, tunaimba. Nani yuko nyuma yetu?

Kwa hiyo, wapendwa, tuendelee kuwadai viongozi wetu barabara, bila kuchoka. Lakini leo, kabla jua halijatua, kila mmoja wetu na arudi kwenye shimo moja analolijua. Huenda itakugharimu kuchelewa. Sisi tungalichelewa nusu saa tu siku ile.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe hukutupita tulipokuwa tumezama. Utusamehe kwa kuwasahau wanaokuja nyuma yetu. Uwabariki wale waliolijaza shimo letu, na utupe moyo wa kurudi na kujaza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.