Runinga ya Kisogo Bado Ina Kazi



Mafundi wa runinga mnaohitimu leo hapa Kianda, mnakumbuka Februari 2015. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilizima mitambo ya analogi, na stesheni za Citizen, NTV, KTN na QTV zikatoweka hewani kwa zaidi ya wiki mbili. Wengi walidhani runinga zao zimekufa. Hazikufa. Yaliyobadilika ni mawimbi, kutoka analogi hadi dijitali.

Nimepita kwenye meza zenu kabla ya kuketi. Nimeona runinga ya Great Wall ya inchi 14, kisogo chote, ikionyesha picha safi kabisa. Waya wa manjano unaleta picha kutoka kwenye king'amuzi, mweupe unaleta sauti, na mwekundu umeachwa ukining'inia kwa sababu runinga ina spika moja tu. Runinga ya pili haina hata matundu ya nyaya hizo. Mmeiunganisha kupitia tundu la antena kwa kutumia modulata. Mama mwenye chumba kimoja hapa Kianda anahitaji nini zaidi ili apate habari za saa moja?

Basi mteja akija, mwambieni ukweli. Akitaka stesheni za bure, asiuziwe king'amuzi cha kulipia kila mwezi. Kiwe cha DVB-T2, maana majaribio ya matangazo ya dijitali ya 2009 yalianza na DVB-T kisha nchi ikabadilisha, na vile vya mwanzo havishiki matangazo ya sasa. Antena iwe ya UHF, iinuliwe juu ya mabati. Picha ikikatika vipande vipande, kagueni antena na waya wake kabla ya kuilaumu runinga.

Kuna jambo linaloniumiza. Runinga ikishindikana, vijana huipasua kioo na kuchoma nyaya wapate shaba. Kioo hicho kina madini ya risasi, moshi ule unavutwa na watoto wetu, na bomba la picha huweza kubaki na umeme mkali hata baada ya kuchomolewa ukutani. Nawasihi: msipasue, msichome. Zikusanyeni, tuzipeleke WEEE Centre, kituo cha hapa hapa Nairobi kinachozichambua kwa utaalamu.

Wazazi, kabla hamjakopa pesa za runinga bapa, waleteeni vijana hawa ile ya zamani waikague. Kwa hayo machache, natangaza kwamba mahafali haya yamefunguliwa rasmi.