Mji Ulio Karibu

 

Somo letu la leo latoka katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 21, kuanzia mstari wa 1 hadi wa 9. Ni somo lisilosomwa sana makanisani, na nadhani sababu ni kwamba ndani yake mna maiti na mtamba aliyevunjwa shingo. Lakini lisikilizeni. Mtu ameonekana shambani ameuawa. Aliyemwua hajulikani, na shahidi hakuna. Sheria ya Musa yasemaje? Haisemi azikwe upesi na watu warudi kwenye shughuli zao. Yaagiza wazee na waamuzi watoke, waende mpaka pale alipolala, wapime umbali wa kila mji ulio kandokando. Mji utakaoonekana kuwa karibu zaidi, mzigo ni wake. Wazee wa mji huo watamchukua mtamba ambaye hajafanya kazi bado, watamshusha bondeni penye maji, watanawa mikono yao, na kukiri mbele za Mungu kwamba si wao walioimwaga damu ile, wala macho yao hayakuona ikimwagwa.

Liangalieni vizuri hili jambo la kupima. Mungu atujua. Maiti ikionekana mpakani, wa huku watasema ni ya kule, na wa kule watasema ni ya huku, na jua litatua. Kwa kamba ya kupimia Mungu aliufunga mlango huo. Marehemu lazima awe na mji.

Nimelikumbuka somo hili kwa ajili ya habari za wenyeji wa asili wa Kanada, wale ambao shuleni tulifundishwa kuwaita Wahindi Wekundu. Jina hilo hawalipendi, wala wao si Wahindi. Kwa miaka mingi wanawake na wasichana wao wamekuwa wakipotea na kuuawa. Mwaka 2014 polisi wa taifa walitoa hesabu yao wenyewe: kati ya mwaka 1980 na 2012, wanawake 1,181, na katika hao 164 walikuwa hawajulikani waliko. Mwaka 2016 serikali iliunda tume ya uchunguzi, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 2019. Mbele ya tume hiyo jamaa wengi walieleza jinsi walivyokwenda polisi kuripoti, wakaambiwa binti yao labda amelewa mahali, au ametoroka na rafiki, atarudi. Mzazi anayenisikiliza aelewa maneno hayo yanavyochoma.

Nitawaeleza habari ya mmoja. Helen Betty Osborne alikuwa wa kabila la Cree, mwenye miaka 19, kutoka Norway House katika jimbo la Manitoba. Alikuja kusoma katika mji mdogo wa The Pas kwa sababu alitaka kuwa mwalimu. Usiku mmoja wa Novemba mwaka 1971, vijana wanne wazungu walimtia garini kwa nguvu. Mwili wake ulionekana nje ya mji. Mwaka uliofuata polisi walipata barua isiyo na jina iliyotaja watu. Mjini watu walinong'onezana. Wengine waliwajua waliofanya, wakakutana nao dukani na barabarani, wakasalimiana. Na kesi ikalala.

Ililala mpaka mwaka 1983, ndipo askari mmoja wa upelelezi alipolifungua tena faili lile la zamani. Mwaka 1985 alitia tangazo gazetini, akiomba kila mwenye habari ajitokeze. Hebu fikirini, ndugu zangu. Aliuliza, na watu wakasema. Desemba 1987, baada ya miaka 16, mtu mmoja alitiwa hatiani, mwingine akaachiliwa, wa tatu alikuwa amesamehewa ili atoe ushahidi, na wa nne hakushtakiwa kamwe. Tume iliyochunguza baadaye ilisema wazi, mwaka 1991, kwamba ubaguzi ulikuwa na sehemu yake katika mambo hayo. Mwaka 2000 serikali ya jimbo iliomba radhi.

Sasa rudini kwenye somo. Wazee wa The Pas wangeweza kunawa mikono juu ya mtamba? Sehemu ya kwanza ya yale maneno wangeweza kuisema, kwamba mikono yao haikumwaga damu. Sehemu ya pili ingewakwama kooni, kwa kuwa macho yaliona na masikio yalisikia. Mimi naamini ndiyo maana Mungu aliweka maneno hayo mawili pamoja. Ukiagizwa kuapa hadharani kwamba hukuona, na hali uliona, mguu utatetemeka kabla hujafika bondeni.

Nchini Marekani shida ya mipaka ni kubwa zaidi. Kosa likitendeka katika ardhi ya wenyeji, kwanza huulizwa ni ardhi ya nani, marehemu ni wa asili gani, mshukiwa ni wa asili gani, ndipo ijulikane kama kazi ni ya polisi wa kabila, wa jimbo au wa serikali kuu. Wakibishana, ushahidi unanyeshewa mvua. Mwaka 2021 Waziri Deb Haaland, ambaye mwenyewe ni wa wenyeji wa Laguna Pueblo, aliunda kitengo maalumu cha kufuatilia waliopotea na waliouawa, pamoja na kesi zilizokaa bila jibu.

Nasi Waanglikana tusikae kama watazamaji. Kanisa la Anglikana la Kanada liliendesha shule za bweni ambamo watoto wa wenyeji waliwekwa mbali na wazazi wao, wakakatazwa lugha yao. Katika shule za namna hiyo, zetu na za madhehebu mengine, wamekwisha kutambuliwa kwa majina watoto zaidi ya 4,000 waliokufa. Wazazi wengine hawakuambiwa hata kaburi lilipo. Mwaka 1993 Askofu Mkuu Michael Peers alisimama mbele ya Waanglikana wenyeji akaomba radhi kwa niaba ya Kanisa. Lakini radhi haimwonyeshi mama kaburi. Kazi ya kusoma vitabu vya zamani vya shule na parokia, ili kila mtoto apate jina na mahali, yaendelea mpaka leo.

Mtu aweza kuuliza: muuaji akiisha kufungwa, ya nini kutafuta mifupa? Swali hilo liliulizwa Winnipeg. Mwaka 2022 mwanamume mmoja aliwaua wanawake wanne wenyeji, na wawili wao iliaminika walitupwa na takataka katika jaa kubwa nje ya jiji. Polisi walisema kutafuta hakuwezekani. Mwaka 2023 serikali ya jimbo ilikataa, ikitaja hatari kwa wafanyakazi. Gharama ilikuwa imekisiwa kufika dola milioni 184 na kazi kufika miaka mitatu. Mabinti na jamaa hawakunyamaza. Walipiga kambi, wakaandamana, wakabisha hodi kwa wakubwa kama yule mjane wa Luka 18. Baada ya uchaguzi wa mwaka huo serikali mpya ilikubali. Uchimbaji ulianza Desemba 2024, na kabla ya Machi 2025 mabaki yalikwisha kuonekana. Wote wawili walitambuliwa, wakarudishwa kwa watu wao.

Wazee wa Kijaluo hawangeuliza swali lile. Mtu wao akipotea majini asionekane, walizika tunda la yago mahali pake, kuliko kuacha boma bila kaburi.

Mwanamke mwingine katika wale wanne hakujulikana jina kwa muda mrefu. Wazee wa wenyeji walikataa aitwe namba. Wakampa jina la heshima, Mwanamke Nyati, mpaka Machi 2025 jina lake mwenyewe lilipojulikana.

Na tuombe. Ee Mungu Baba, uliyemwuliza Kaini habari za ndugu yake kabla mtu yeyote hajaja kushtaki, uwakumbuke wanaongoja mlangoni usiku huu kule Kanada na Marekani. Uwape wapelelezi subira ya kusoma mafaili ya zamani. Uwafungue vinywa walioona wakanyamaza, wangali hai. Nasi, ukitutuma kutoka nje na kupima, tutoke. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.